Atomu Tatu kwa Miaka Tisa

Bati la nyumba yako limepakwa zinki. Zinki, ya aina iliyo adimu, ndiyo waliyoitumia wataalamu wa kituo cha RIKEN, mjini Wako, Japani, kutengeneza elementi mpya.

Hesabu yake hata mtoto wa shule aijua. Zinki ina protoni 30, na madini ya bismuthi 83, jumla 113. Lakini kuziunganisha! Viini vyake vyote vina umeme wa namna moja, basi husukumana. Ukivigonganisha polepole havishikani; ukizidisha nguvu, kinachozaliwa hupasuka papo hapo.

Bwana Kosuke Morita na wenzake walianza mwaka 2003. Waliirusha zinki juu ya bismuthi kwa kasi ya kilometa 30,000 hivi kwa sekunde, mchana na usiku. Tarehe 23 Julai 2004 wakapata atomu moja. Moja tu! Aprili 2005, ya pili. Kisha miaka saba ya kimya, na mashine inakula umeme.

Tena atomu yenyewe haikai. Kabla ya sehemu ya mia ya sekunde imekwisha kugeuka elementi nyingine, na hiyo nyingine tena. Hutambuliwa kwa uzao wake, kama umjuavyo babu usiyemwona kwa wajukuu wake. Uzao wa zile mbili ulikatika baada ya hatua nne, na waamuzi hawakuridhika. Ile ya tatu, ya tarehe 12 Agosti 2012, ilishuka hatua sita, njia iliyofahamika vema. Mwaka 2016 elementi hiyo ikaitwa nihoniamu, kwa jina la Japani.