Maji Kwanza: Nasaha kwa Mwenye Kwenda Kuyapanda Majabali ya Oman

Kila mwaka, joto la Maskati linapovunjika na usiku ukaanza kuwa wa kulalika bila ya mashine ya baridi, huwasili huku kutoka Unguja, Pemba, Mombasa na Dar es Salaam wageni wengi wajao kuwazuru jamaa zao, na miongoni mwao siku hizi wamo ambao, wakishatimiza wajibu wa kupeana mikono na kula katika kila nyumba waliyoalikwa, hutamani kuyapanda majabali ya Hajar, yaliyosimama nyuma ya mji huu tangu pwani ya Matrah hata bara ya Nizwa. Ni tamaa njema, nami naipenda. Lakini nimeona kwamba aghalabu wageni hawa hujitayarisha kwa mlima mwingine, usio huu, na matayarisho yasiyolingana na mahali huweza kumletea mtu madhara makubwa kuliko kutojitayarisha kabisa.

Mlima walio nao akilini ni Kilimanjaro. Huko, ambako kilele kimefika mita 5,895, adui mkubwa ni wembamba wa hewa. Kanuni za hifadhi humlazimisha mgeni kuwa na kiongozi, wapagazi humbebea mzigo wake, na maji huchotwa mitoni yakachemshwa kambini. Jabal Shams, ulio mrefu kuliko milima yote ya Oman, una kiasi cha mita 3,000 tu, na gari hukufikisha mahali ambapo theluthi mbili za kimo hicho umekwisha kuzipanda umekaa kitini. Kwa hiyo mtu wa pwani hudhani kwamba kazi ni ndogo. Anachokisahau ni kwamba hapa hapana mpagazi, hapana mto unaotiririka mwaka mzima kando ya njia, na kivuli ni cha bahati nasibu. Yote atakayoyahitaji tangu alfajiri mpaka jioni sharti yawe mgongoni mwake, na lililo zito kuliko yote ni maji.

Basi hesabu na ianzie hapo. Kwa siku nzima ya kutembea katika majira ya baridi, mtu mzima asitoke na chini ya lita nne, na kukiwa na joto azidishe. Na kwa kuwa lita moja ya maji ni kilo moja, mkoba huo una kilo nne kabla hujatia tende wala nguo. Nilikuwapo kijana mmoja wa Unguja alipokuwa akiagana na mjomba wake ukumbini, katika mtaa wa Al Khuwair, mkoba umekwisha fungwa na gari linangoja nje.

“Maji umechukua kiasi gani, baba?”

“Chupa mbili, mjomba.”

“Mbili za nusu lita? Pita dukani ukachukue katoni nzima, nyingine muache garini.”

Katoni ya kuachwa garini ni akili ya watu wa huku, kwa sababu anayeteremka mlimani na koo kavu ana safari ya saa nyingine ya barabara kabla ya kulifikia duka. Maji yagawanywe katika chupa kadhaa, ili moja ikitoboka zisalie nyingine. Yanywewe kidogo kidogo kabla kiu haijabisha hodi, pamoja na kitu chenye chumvi. Na yanapofika nusu, geuka urudi, hata kama kilele kinaonekana. Sharti hili la mwisho ndilo gumu kuliko yote, na ndilo ningependa mgeni ajiwekee angali nyumbani, kwa kuwa aliyekwisha kuchoka hana hukumu timamu.

Majira ya kupanda ni tangu Oktoba hata Aprili. Nje ya miezi hiyo, njia za chini si mahali pa kutembea: mwezi wa Juni 2018, huko Qurayyat, mwambao usio mbali na Maskati, joto halikushuka chini ya nyuzi 42 kwa muda wa usiku na mchana mzima. Lakini kadiri unavyopanda ndivyo hewa inavyopoa, takriban nyuzi sita kwa kila mita elfu, na kwa hiyo siku ya Januari ambayo watu wa Maskati wanakaa barazani katika nyuzi 25, juu ya Jabal Shams mchana una nyuzi saba au nane, na usiku maji yaliyosahauliwa nje ya hema huweza kuganda. Chukua sweta la sufu, koti la kuzuia upepo na kofia ya kuziba masikio. Fulana ya pamba ikilowa jasho haikauki upesi, na upepo wa jioni ukiipiga humtetemesha mtu. Fauka ya hayo, sisi tuliozaliwa karibu na mstari wa ikweta hatuna mazoea ya siku fupi. Mwezi wa Disemba jua la Unguja huchwa kiasi cha saa kumi na mbili na nusu, ilhali la Maskati limekwisha zama kabla ya saa kumi na moja na nusu, na katika mabonde membamba giza huingia mapema zaidi. Taa ya kichwani si pambo. Na kwa kuwa miaka hii Ramadhani imeangukia katika majira haya haya, atakayefunga aahirishe njia ndefu mpaka baada ya Idi, wala asijidanganye kwamba atajikaza.

Sasa nitasema juu ya hatari nyingine, ambayo ni maji yaleyale yakija kwa wingi. Majabali ya Hajar ni mawe matupu, hayana udongo wala msitu wa kuifyonza mvua. Kwa hiyo yote inayonyesha juu huteremka kwa pamoja katika wadi, yaani mabonde ya mito mikavu, na wadi iliyokuwa kavu asubuhi, yenye changarawe nyeupe inayomwalika mtu kuketi apike chai, huweza kujaa maji ya matope yenye kuviringisha majiwe katika muda wa dakika chache, hali juu ya kichwa chako jua linawaka na mbingu ni safi. Wenyeji hawalichukulii jambo hili kwa mzaha. Wanaikumbuka tufani ya Gonu ya Juni 2007, iliyoijaza Maskati yenyewe. Na mwezi wa Aprili 2024 mafuriko yaliua watu wapatao 20 nchini, miongoni mwao wanafunzi waliosombwa na maji pamoja na gari lao katika wilaya ya Mudhaibi. Kwa hiyo, siku moja kabla ya kutoka, tazama utabiri wa hali ya hewa unaotolewa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Oman, nao uutazame kwa upande wa milimani na si kwa upande wa mji unamolala. Usipige hema katika mkondo wa wadi, hata ikiwa mchanga wake ni laini na wenzako wamekwisha kutandika. Na maji yakikata barabara, simama. Kuvuka kwa gari wadi inayotiririka ni kosa la sheria katika nchi hii, na wanaokufa kwa mafuriko aghalabu hufia humo.

Kuhusu mwili na viatu sitarefusha. Mwezi mmoja au miwili kabla ya safari, tembea kila siku na mkoba mgongoni, kwenye mchanga laini wa ufukweni ukiweza. Viatu viwe buti zenye soli nene, zilizokwisha kuvaliwa mpaka zikazoea mguu, maana mawe ya chokaa ya Hajar yana makali na huila soli nyembamba. Ukishafika Maskati, jipime kwa njia fupi ya kutoka Riyam kwenda Matrah, inayopita mlimani nyuma ya bandari kwa muda wa saa mbili hivi. Huko utajifunza kuzifuata alama za rangi, manjano, nyeupe na nyekundu, zilizopakwa juu ya mawe kuonyesha njia; na mahali ambapo umetembea kitambo bila ya kuiona nyingine, kanuni ni kurudi kwenye ile ya mwisho, si kubahatisha mbele.

Kwa anayepanda mara ya kwanza, njia ninayoisifu ni ile itokayo kijiji cha Al Khitaym, katika Jabal Shams, kwenda kwenye mahame ya As Sab. Ni njia ya mbuzi na punda, karibu kuwa tambarare, iliyochongeka ubavuni mwa genge. Upande mmoja jabali limesimama wima, upande wa pili bonde la Wadi Nakhr limezama kiasi cha mita elfu moja, hata mitende iliyoko chini huonekana kuwa madoa tu ya kijani. Mwisho wa njia, chini ya mwamba uliojitokeza mithili ya paa, zimo nyumba za mawe zilizohamwa, zenye milango mifupi ya kuinamia, na mbele yake matuta ya shamba yaliyojengwa kwa mawe makavu mpaka ukingoni mwa genge. Watu waliishi hapa na kulima kwa sababu palikuwa na tone la maji likitoka mwambani. Usilitegemee tone hilo. Nenda na yako. Walio na nguvu zaidi huendelea siku nyingine hata kilele cha kusini, wakipita katikati ya miti mikongwe ya jamii moja na mtarakwa wa Kenya. Kilele cha kaskazini ni cha jeshi, hakipandwi wala hakipigwi picha.

Katika vijiji vya Jabal Akhdar, mlima mwingine wa Hajar, utayakuta maji katika mifereji ya falaj, ambayo mitano katika nchi hii iliandikwa na UNESCO mwaka 2006 katika urithi wa ulimwengu, na mmojawapo uko Birkat al Mawz, chini ya mlima. Mfereji una utaratibu wake: unapotokeza ndipo pa kunywa, kisha huja pa msikiti na pa kuogea, na mwisho mashamba. Mgeni anayetumbukiza miguu yenye vumbi huku juu amewachafulia wote walio chini yake. Nguo ziwe za heshima, mabega na magoti yakiwa yamefunikwa, na mlango wa shamba uufunge nyuma yako.

Hapo hapo Birkat al Mawz polisi hulizuia kupanda mlima huo kila gari lisilovuta kwa magurudumu yote manne, basi kodi gari linalostahili tangu Maskati, na katika kuteremka tumia gia ndogo, usikalie breki. Usiku wa kuamkia safari, mwachie mwenyeji wako karatasi yenye jina la njia, namba ya gari, saa mnayotazamia kushuka, na saa ambayo, asipopata habari yenu, apige 9999, namba ya dharura ya nchi nzima. Maana katika mabonde simu hukosa mtandao. Na mkishashuka mpigieni papo hapo kutoka barabarani, kabla ya kutafuta chai.