Kompyuta imegoma kuamka? Okoa kazi yako kwanza

JE, msomaji, umewahi kuketi mbele ya kompyuta yako Jumapili jioni, ukabonyeza kitufe cha kuwashia, ukangoja, ukangoja tena, na usione dalili yoyote ya uhai?

Tuchukue mfano wa mama mmoja wa mtaa wa Jericho, Makadara, ambaye ni mweka hazina wa chama cha akina mama. Kesho wenzake wanamngojea na hesabu: nani ametoa, nani anadaiwa, na nani ni zamu yake kupokea. Hesabu zote zimo ndani ya kompyuta iliyo sebuleni, ambayo kwa wiki nzima imekuwa ikiwaka leo na kugoma kesho. Sasa imegoma kabisa. Akienda mikono mitupu, watu watasema amekula pesa zao.

Yaliyompata huyu yanaweza kukupata wewe pia. Kabla hujaibeba mashine yako kwenye matatu hadi Luthuli Avenue, tulia, uifuate shida hatua kwa hatua. Mara nyingi kinachosumbua ni kitu kidogo cha bei nafuu.

Anza na stima

Nyumba nyingi za Maringo, Jericho na Kaloleni zilijengwa kabla mtu yeyote hajawazia kompyuta ya nyumbani. Zile za Kaloleni ni za miaka ya 1940. Soketi ni chache, na utakuta runinga, pasi na kompyuta zote zinategemea ekstensheni moja. Chomeka kompyuta moja kwa moja ukutani. Ikiwa bado ni kimya, jaribu soketi hiyo kwa taa unayojua ni nzima.

Kumbuka pia kwamba plagi yetu ya miguu mitatu ina fyuzi ndani yake. Ikiungua, weka nyingine ya kiwango kile kile, wala usiibadilishe kwa kipande cha waya. Kisha azima waya wa stima kwa jirani, ujaribu nao.

Kompyuta za mezani kuukuu zilizotoka ng'ambo huwa na swichi ndogo nyuma, iliyoandikwa 115 na 230. Hapa kwetu, ambako stima ni ya volti 240, swichi hiyo ni lazima iwe kwenye 230. Watoto wakiichezea, utasikia mlipuko na kunusa moshi.

Kama ni kipakatalishi, chomoa chaja, shikilia kitufe cha kuwashia kwa nusu dakika, kisha rudisha chaja na ujaribu tena.

Usisahau kwamba stima inapopotea si mwisho wa hatari, kwani inaweza kurudi kwa kishindo. Mnamo Juni 7, 2016, tumbili aliangukia transfoma katika kituo cha Gitaru na nchi nzima ikakosa stima. Agosti 25, 2023, giza lilitanda tena karibu kote nchini. Siku kama hizo, chomoa plagi, na usiirudishe hadi stima itulie.

Inanguruma, lakini kiwambo ni cheusi

Ukisikia feni ikizunguka, basi stima inafika. Kagua waya unaokwenda kwenye kiwambo, maana hulegea meza inaposukumwa wakati wa kufagia. Kisha tega sikio. Mashine nyingi za mezani hutoa milio zinapougua, na mpangilio wa milio mirefu na mifupi humweleza fundi ugonjwa ulipo. Iandike.

Mara nyingi wenye makosa ni vibao vya kumbukumbu, ambavyo mafundi huviita ramu. Zima mashine, chomoa waya, gusa chuma cha sanduku ili kuondoa stima iliyo mwilini mwako, kisha vitoe vibao hivyo na kuvirudisha hadi vikae imara. Lakini kile kisanduku chenye feni kinachopokea stima usikifungue kamwe, kwa sababu huhifadhi stima ya kuua hata baada ya kuchomolewa.

Saa imerudi nyuma

Tangu IBM ilipotoa kompyuta yake ya PC AT mwaka wa 1984, kompyuta nyingi zimekuwa na betri ndogo ya kutunza saa na mipangilio. Katika mashine nyingi za mezani ni betri ya duara kama sarafu, yenye volti 3 na alama ya CR2032. Ikichoka, tarehe hurudi miaka mingi nyuma, mashine husimama njiani ikiuliza maswali, na hata eCitizen inaweza kukataa kufunguka ilhali intaneti ipo. Badilisha betri, urekebishe saa.

Ikianza kisha ikajizima baada ya dakika chache, shuku joto. Mitaa yetu iko jirani na viwanda na Jogoo Road, hivyo vumbi halikosi. Chomoa stima, usafishe feni kwa brashi laini.

Na ikiandika kwamba haioni diski ya kuanzia, tazama kwanza kama kuna flashi uliyoisahau humo. Itoe, uwashe upya.

Kabla ya fundi kuigusa

Hapa ndipo wengi hulia. Yakishindikana yote hayo, fundi anaweza kukwambia, "Tupige programu upya tu." Usikubali haraka. Kufanya hivyo kunaweza kufuta kila kitu kilichomo ndani ya diski. Mashine itaamka, lakini hesabu, picha za harusi na kazi ya chuo ya mtoto zitakuwa zimekwenda.

Mwambie kwanza aitoe diski, aiunganishe na kompyuta nyingine nzima, akunakilie mafaili yako ukiwa umeketi hapo hapo. Mara nyingi mashine iliyokufa huwa bado ina diski hai. Lakini ukisikia diski ikigonga-gonga, zima mara moja. Kila ukiiwasha tena unazidi kuiharibu.

Hivyo ndivyo mama wa Jericho anavyoweza kuokoka. Hesabu zake zitaingia kwenye flashi na kuchapishwa kabla ya mkutano. Ugonjwa wa mashine unaweza kungoja hadi Jumanne. Kompyuta nyingine hununuliwa, lakini rekodi za miaka mitatu haziuzwi dukani.

Naye akishapona, na ajifunze kuweka nakala kila mwisho wa wiki, na flashi hiyo isikae kwenye meza ile ile. Wanachama wake humwekea akiba ya pesa. Naye awawekee akiba ya hesabu. Akiba haiozi.