Tuzo za wauguzi: Mkufunzi na mwanafunzi wamekaa safu ipi?

Kila ifikapo Mei 12, wauguzi wa nchi zetu huvaa sare zilizopigwa pasi, wakaandamana, wakawasha mishumaa na kurudia kiapo chao. Mgeni rasmi husoma hotuba, risala ya wauguzi hudai ajira na mishahara, kisha hufika wakati wa vyeti: muuguzi bora wa wilaya, mkunga bora, wodi safi. Makofi hupigwa na picha hupigwa. Kwenye safu za nyuma, mara nyingi, wamekaa wakufunzi wa chuo cha uuguzi pamoja na wanafunzi wao, walioletwa kuimba na kujaza uwanja.

Hakuna aliyekusudia kuwadharau. Tuzo nyingi za fani hii hutazama kitanda cha mgonjwa, na mkufunzi amesimama hatua moja nyuma ya kitanda hicho. Kazi yake haionekani hadi iharibike. Mwanafunzi akikosea kipimo cha dawa, hapo ndipo watu huuliza nani alimfundisha. Akipatia miaka 20 mfululizo, hakuna anayeuliza.

Ajabu ni kwamba siku yenyewe ni ya mtu aliyeanzisha shule. Mei 12 ndiyo siku aliyozaliwa Florence Nightingale, mwaka 1820, na wengi wanamkumbuka kwa taa aliyotembea nayo wodini wakati wa Vita vya Crimea. Novemba 1855, yeye akiwa bado huko vitani, Waingereza walifungua mfuko wa kumshukuru, na michango ikapita pauni 40,000. Fedha hizo ndizo zilizoanzisha shule ya wauguzi katika Hospitali ya St Thomas' jijini London mwaka 1860. Yaani shukrani kubwa ya umma kwa muuguzi yule iliishia kuwa darasa.

Hata nishani inayobeba jina lake haijawasahau walimu. Nishani ya Florence Nightingale, inayotolewa na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, iliasisiwa mwaka 1912 na kuanza kutolewa mwaka 1920. Hutolewa kila baada ya miaka miwili. Wengi huamini ni ya waliohudumia majeruhi wa vita na maafa tu, lakini masharti yake yanawataja pia waliotoa mchango wa mfano katika afya ya jamii na katika elimu ya uuguzi. Majina hupelekwa na vyama vya Msalaba Mwekundu au Hilali Nyekundu vya kila nchi. Hapo swali linarudi nyumbani kwetu: ni nani anayekaa chini kuandika sifa za mkufunzi na kuzipeleka kwenye chama cha nchi yake kabla muda haujapita?

Mlango si mgumu kama tunavyodhani. Mei 12, 2022, jijini Dubai, muuguzi wa Marsabit, kaskazini mwa Kenya, Anna Qabale Duba, aliitwa jukwaani kuwa mshindi wa kwanza wa tuzo ya kimataifa ya Aster Guardians, yenye thamani ya dola 250,000. Waombaji walikuwa zaidi ya 24,000 kutoka nchi 184. Hakushinda kwa kazi ya wodini pekee. Alijenga shule kijijini kwake, watoto wakisoma asubuhi na watu wazima baadaye, na akapambana na ukeketaji na ndoa za utotoni. Mwaka 2025 tuzo hiyohiyo ilikwenda kwa Naomi Oyoe Ohene Oti wa Ghana, muuguzi wa saratani, na sehemu kubwa ya sifa zake ni kuandaa mafunzo ya wauguzi wenzake katika fani hiyo. Wote wawili ni wauguzi, na wote wawili walipimwa pia kwa kile walichowaachia wengine.

Jiwe kutoka Zimbabwe

Kuna tuzo nyingine ambayo wakuu wa vyuo vyetu wangefaa kuijua, kwa sababu haihitaji fedha nyingi. Mwaka 1999, nchini Marekani, kijana wa miaka 33, Patrick Barnes, alifariki kwa maradhi ya kinga ya mwili. Katika siku zake za mwisho, baada ya kukaa muda bila hamu ya chakula, alionja mkate mtamu wa mdalasini alioletewa na baba yake, kisha akamwomba kesho yake awaletee na wauguzi. Familia yake ikaanzisha mfuko wa DAISY ili kuwashukuru wauguzi. Mgonjwa au ndugu yake huandika kilichotendeka, hospitali huchagua, na mshindi hupewa kinyago cha jiwe kinachochongwa kwa mkono na wasanii wa Kishona wa Zimbabwe. (Jiwe linatoka Afrika na kuvuka bahari kwenda kumshukuru muuguzi wa Marekani. Tuache hilo.)

La maana ni kwamba tuzo hiyo ilipanuliwa ikawafikia wakufunzi na wanafunzi wa uuguzi. Mwanafunzi anaweza kumpendekeza mwalimu wake, na mwanafunzi naye anaweza kupendekezwa akiwa bado hajapata leseni.

Sisi tunayo zawadi ya mwanafunzi bora, naam, lakini mara nyingi humwendea mwenye alama za juu za mtihani. Si vibaya. Ila yule aliyekaa na mama mjamzito usiku kucha, akisikiliza mapigo ya moyo wa mtoto kila nusu saa na kuyaandika bila kuruka hata moja, huenda akawa wa tano au wa kumi darasani. Mama huyo angeulizwa, angemtaja bila kusita. Haulizwi.

Wamarekani walioanzisha chama cha heshima cha Sigma mwaka 1922 hawakuwa maprofesa. Walikuwa wanafunzi sita wa uuguzi jijini Indianapolis. Jina la chama walilitoa katika maneno matatu ya Kigiriki yenye maana ya upendo, ujasiri na heshima. Leo chama hicho kina matawi ya kimataifa, likiwamo la Afrika linalounganisha vyuo vya nchi kadhaa za kusini mwa bara letu. Kwa hiyo wazo kwamba mwanafunzi hana hadhi ya kuheshimiwa hadi amalize halina msingi hata huko linakodhaniwa kutoka.

Kwa nini lituhusu sasa

Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2025 inasema dunia ina wauguzi milioni 29.8, na pengo lililokuwapo mwaka 2023 ni milioni 5.8. Afrika ni kati ya maeneo yenye pengo kubwa. Pengo hilo halizibwi bila darasa, na darasa halifunguliwi bila mwalimu.

Rwanda inalijua hili kwa vitendo. Ilipoamua kuachana na wauguzi wa ngazi ya sekondari na kufundisha kuanzia stashahada, ilihitaji walimu wenye elimu ya juu zaidi. Kuanzia mwaka 2012 ilishirikiana na vyuo vikuu vya Marekani, vikaleta wahadhiri waliofundisha bega kwa bega na wenyeji, na baadaye ikafungua shahada ya uzamili ya uuguzi hapohapo nyumbani. Uganda nayo ina Rose Clarke Nanyonga, muuguzi aliyepata shahada ya uzamivu Chuo Kikuu cha Yale na kuwa makamu mkuu wa Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Clarke, Kampala. Muuguzi kuongoza chuo kikuu kizima bado ni habari ngeni katika nchi zetu, na kwa maoni yangu mfano huo unamvuta msichana wa kidato cha nne kuliko mabango kumi ya kampeni.

Walio wengi hawafiki huko. Mkufunzi wa chuo cha wilayani anaweza kufundisha darasa zima asubuhi, mchana akawa wodini na wanafunzi, jioni akasahihisha. Mhadhiri wa chuo kikuu hupandishwa cheo kwa makala alizochapisha, wala si kwa saa alizosimama kando ya kitanda akimshika mkono mwanafunzi anayetafuta mshipa. Akipata nafasi ya kazi ya mradi au ya ng'ambo, anaondoka, na anaondoka na wanafunzi wa miaka yote ambayo angewafundisha. Fremu ya kioo ukutani peke yake haitamzuia. Tuzo ya mkufunzi iambatane na kitu: muda wa kusoma, alama katika kupandishwa daraja, nafasi ya kufundisha muhula mmoja katika nchi jirani.

Hilo la mwisho ndilo lingefaa kuwa letu sote. Jumuiya ya Afya ya Mashariki, Kati na Kusini mwa Afrika ina makao Arusha, na ndani yake kuna Chuo cha Wauguzi cha kanda, kinachokutanisha wauguzi wa nchi wanachama. Mabaraza ya wauguzi yapo katika nchi zetu. Kinachotakiwa ni mabaraza hayo kukubaliana kwamba mkufunzi aliyetuzwa Kigali anatambulika Mwanza, na mwanafunzi aliyetuzwa Mombasa anapokewa Kampala kwa miezi mitatu ya mafunzo kwa vitendo.

Hata wakati mabaraza yanajadiliana, chuo kimoja na hospitali moja vinaweza kuanza mwezi ujao. Fomu ya ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, iwekwe karibu na dirisha la dawa pamoja na kalamu iliyofungwa kwa uzi. Maswali yawe matatu: nani alikuhudumia, alifanya nini, na kama alikuwa mwanafunzi, nani alikuwa amesimama naye akimwelekeza.