Kikoa: Muktadha wa Fanksheni

Mtahiniwa, unapoulizwa ueleze muktadha wa dondoo, unataja msemaji, msemewa, mahali na sababu ya maneno hayo. Hoja iliyo nje ya muktadha haituzwi, hata ikiwa nzuri. Fanksheni katika aljebra nayo ina muktadha wake, nao huitwa kikoa. Kikoa ni nambari zote unazoweza kuweka mahali pa x ukapata jibu lenye maana.

Ili kutambua kikoa, jiulize maswali matatu.

1. Je, kuna akisami?
Hatugawanyi kwa sifuri. Katika f(x) = 120/(x − 4), nambari ya chini isiwe sifuri. Kikoa ni nambari zote isipokuwa 4.

2. Je, kuna kipeuo cha pili?
Kilicho ndani ya alama √ kisiwe hasi. Katika g(x) = √(x − 3), lazima x − 3 ≥ 0, hivyo x ≥ 3. Nambari 3 yenyewe imo, kwani √0 = 0.

3. Je, x inasimamia nini?
Hapa ndipo ni rahisi kupoteza alama. Wakulima wa Machakos hujenga matuta ya fanya juu: huchimba mtaro unaokata mteremko, kisha hutupa udongo upande wa juu ili kuzuia mmomonyoko. Tuseme mteremko wa mita 120 unagawanywa katika vipande sawa, kila kimoja kikiwa na upana wa mita x. Idadi ya vipande ni n = 120/x.

Aljebra inakataza x = 0 pekee. Shamba linakataza zaidi. Upana hauwi hasi wala hauzidi mita 120. Isitoshe, x = 50 inatoa vipande 2.4, ilhali idadi ya vipande lazima iwe nambari nzima. Kwa hivyo x inaweza kuwa 120, 60, 40, 30 na kuendelea hivyo.

Zingatia: Shamba la mraba lenye eneo la mita mraba 81 linakupa x² = 81, na majibu ni 9 na −9. Andika yote mawili, kisha ukatae −9 na kutaja sababu: urefu hauwi hasi.

Zoezi
Tafuta kikoa cha h(x) = √(x − 2)/(x − 5).

Jibu: x ≥ 2, lakini x isiwe 5.