Wati za Pawa Saplai kwa Kompyuta ya Nyumbani Kasulu na Kibondo

Wilaya za Kasulu na Kibondo, zilizoko kwenye nyanda za juu za Mkoa wa Kigoma, zilikaa miaka mingi nje ya Gridi ya Taifa zikitegemea majenereta ya dizeli ya TANESCO, hadi mwaka 2022 zilipoungwa na gridi kupitia kituo cha kupozea umeme cha Nyakanazi. Kompyuta ya mezani, ambayo haina betri ya ndani kama ilivyo kwa mpakato, huhitaji umeme wa kutegemewa, na anayeiunda mwenyewe kwa kununua sehemu moja moja hukutana mapema na swali la pawa saplai ya wati ngapi imfae.

Pawa saplai ni kisanduku cha chuma kinachopokea umeme wa ukutani wa volti 230, ambao ni mkondo geu, yaani unaobadili mwelekeo mara kwa mara, na kuugeuza kuwa mkondo mnyofu wa volti 12, 5 na 3.3. Wati zilizoandikwa ubavuni ni kikomo cha kinachoweza kutolewa, wala si kiasi kinacholiwa saa zote. Kompyuta inayotumia wati 120, ikiwa na pawa saplai yenye ufanisi wa asilimia 85, huvuta ukutani takribani wati 141 na kumaliza uniti moja ya LUKU kwa muda wa saa saba hivi, hata kama lebo inasema 650.

Hesabu huanzia kwenye prosesa na kadi ya picha, kwa kuwa hizo ndizo zenye kiu kubwa. Prosesa iliyoandikwa wati 65 huweza kupita 100 inapobanwa na kazi nzito, na kadi kama GeForce RTX 3060 imekadiriwa wati 170. Zikijumlishwa na madabodi, kumbukumbu, diski na feni, jumla hukaribia 350, hivyo pawa saplai ya wati 550 huacha nafasi ya kutosha. Kompyuta ya kuandikia barua na kutunzia hesabu za duka, isiyo na kadi ya picha ya pekee, haihitaji zaidi ya wati 300 au 400.

Hata hivyo, namba kubwa ya lebo haitoshi kuaminiwa, na hapa ndipo fedha za wengi hupotea. Prosesa na kadi ya picha hulishwa karibu zote na njia ya volti 12, kwa hiyo mnunuzi hana budi kusoma jedwali dogo la lebo, atafute ampea za njia hiyo na kuzizidisha kwa 12. Pawa saplai iliyoandikwa wati 500 huku njia yake ya volti 12 ikiwa na ampea 18 tu hutoa hapo wati 216, ambazo haziwezi kuibeba kompyuta iliyotajwa yenye kadi ya picha. Yenye wati 450 za kweli na ampea 36 ni bora kuliko hiyo kwa mbali. Alama ya 80 PLUS, mpango ulioanza mwaka 2004, huonyesha kuwa ufanisi umepimwa, ingawa haithibitishi ubora wa kila kitu kingine.

Hali ya umeme nayo ina neno lake. Kapasita, vihifadhi chaji vilivyomo ndani, huibeba kompyuta kwa sehemu ndogo sana ya sekunde umeme unapokatika, na muda huo hurefuka mzigo unapokuwa mwepesi, kwa hiyo nafasi iliyoachwa juu ya hesabu husaidia umeme unapoyumba. Pawa saplai za zamani zenye swichi ndogo ya volti 115 na 230 zikaguliwe kabla ya kuchomekwa, maana zikiachwa kwenye 115 huungua mara moja. Anayeongeza UPS, yaani kifaa chenye betri kinachoendelea kutoa umeme unapokatika, ajue kuwa ile ya 650 VA kwa kawaida hubeba wati kati ya 325 na 400, na kinacholinganishwa na wati hizo ni umeme unaovutwa kweli na kompyuta pamoja na skrini yake, si namba ya lebo ya pawa saplai.