Simu ya Intaneti: Anayepigiwa Naye Hulipa

Bila shaka umepata kuyaona haya. Kijana arudi likizo kutoka mjini, atoa simu yake mfukoni, na mara uso wa kaka yake aliye Dar es Salaam waonekana kiooni. Acheka, asalimu, "Kamwene!" Wazee wasogea karibu. Babu auliza, "Hiyo ni kiasi gani?" Kijana ajibu, "Bure tu, babu."

Bure? Tutazame kama ni kweli, maana kwa neno hilo fedha nyingi hutoka nyumbani bila mtu kujua zimekwenda wapi.

Kwanza tujue simu hiyo inavyofanya kazi. Zamani mtu alipopiga simu kutoka Iringa kwenda Dar es Salaam, njia nzima ilishikwa kwa ajili ya wawili hao peke yao, hata waliponyamaza. Ni kama kukodi lori zima kupeleka gunia moja la viazi. Simu ya intaneti haikodi lori. Hutia gunia lake katika lori lolote liendalo huko, pamoja na magunia ya wengine.

Lakini sauti yatiwaje katika gunia? Simu yako huipima sauti mara 8,000 au zaidi katika kila sekunde, na kila kipimo hugeuzwa kuwa tarakimu. Tarakimu hizo hukatwa vifungu vidogo, kwa kawaida 50 kwa sekunde moja. Kila kifungu hupewa anwani na namba yake, kama barua katika bahasha. Vifungu hupita hewani hadi mnarani, kisha mara nyingi huingia katika nyuzi za kioo nyembamba kama unywele, navyo husafiri humo kwa mwanga. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ambao umepita Iringa na Mbeya, ni nyuzi za namna hiyo. Simu ya upande wa pili huvipanga vifungu kwa namba zake na kuvirudisha kuwa sauti. Mambo yote hayo huchukua muda kama wa kupepesa jicho.

Kifungu kikipotea njiani hakingojwi. Barua ikichelewa yasomwa kesho, lakini neno lililochelewa katika mazungumzo halifai tena. Ndiyo sababu wasikia, "Mama, ume... kia?" Sisi wa milimani twalijua sana jambo hili: mnara uko ng'ambo ya kilima, nasi tuko bondeni. Viko vijiji ambavyo kila mtu alijua jiwe la kusimama akitaka kupiga simu.

Ufundi huu si mpya. Programu ya kwanza ya kuuzwa ilitolewa mwaka 1995 na kampuni ya VocalTec ya Israeli. Skype ilianza mwaka 2003, nayo ilifungwa Mei 2025. WhatsApp ilianza mwaka 2009 kwa ujumbe wa maandishi. Simu za sauti zilikuja mwaka 2015, na za picha mwaka 2016. Huku kwetu njia ilifunguka hasa mwaka 2009, waya wa SEACOM ulipofika Dar es Salaam kwa njia ya bahari. Kabla ya hapo tulitegemea satelaiti, nayo ilikuwa ghali na ya polepole.

Kwa nini watu waipende? Kwa sababu haijali umbali. Mama mmoja wa Kilolo ana binti anayesomea uuguzi Ujerumani. Kwa simu ya kawaida, kila dakika ya kwenda Ulaya ina bei yake, na salio huisha kabla hawajamaliza kuulizana habari za nyumbani. Kwa intaneti, Ujerumani na Mafinga ni sawasawa: kinachohesabiwa ni ukubwa wa vifungu, si urefu wa safari. Tena mama amwona mtoto kama amekonda. Kwa mzazi, hilo lapita faida zote.

Sasa turudi kwa yule kijana wa "bure tu". Katika simu ya kawaida anayepiga ndiye anayelipa. Mama anayepokea hatoi kitu. Katika simu ya intaneti bando huliwa pande zote mbili. Binti ana intaneti ya chuo, azungumza saa nzima bila wasiwasi. Kumbe mama huku atumia bando alilojiunga kwa fedha ya viazi! Sauti peke yake mara nyingi haifikii MB moja kwa dakika, lakini picha hula mara nyingi zaidi. Tena mama akiwasha data tu, picha za makundi ya harusi na vikoba zaanza kuingia zenyewe, nazo zala bando hata kabla simu haijaita. (Katika mipangilio ya WhatsApp unaweza kuzizuia zisijipakue, mwombe kijana akuonyeshe kabla hajarudi mjini.)

Wala usiuze kiswaswadu chako. Mtu wa Iringa akimpigia mtu wa Mbeya kwa WhatsApp, mtambo unaowaunganisha huenda uko ng'ambo ya bahari. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM ziliharibika baharini kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na intaneti ya Tanzania ikazorota vibaya. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Tena namba 112 ya dharura haipigwi kwa WhatsApp. Mgonjwa akizidiwa usiku, tumia simu ya kawaida.

Yule mama wa Kilolo na binti yake wamepatana hivi. Binti hatumi simu ovyo. Hubipu kwanza kwa simu ya kawaida, Jumapili alasiri. Mama hupanda hadi penye mtandao karibu na shule, huwasha data, nao huzungumza kwa sauti tu. Picha ni mara moja kwa mwezi, dakika tano, na siku hiyo bando la mama hununuliwa na binti.