Uzio wa Chuma Kwenye Skrini: Kipi Uchukue Bure, Kipi Ulipie

Anayechora nyumba ya mteja kwa kompyuta, anayetengeneza gemu na anayefanya katuni za 3D, wote siku moja hufika kwenye uzio. Nyumba imekamilika, bustani imependeza, barabara haina kasoro. Kisha unawekwa uzio wa seng'enge na picha nzima inaharibika: nyaya zinang'aa kama plastiki, matundu yanamemeteka kila kamera inaposogea, au uzio wa mbali unatoweka kabisa. Hapo wengi hukimbilia kununua tekscha ya bei kubwa.

Ushauri wangu ni kutokimbilia. Kabla hujatoa hata dola moja, jiulize kamera itakuwa umbali gani kutoka kwenye uzio huo. Umbali ndio unaopanga gharama. Jina la duka lina uzito mdogo sana.

Unachonunua hasa

Tekscha ya kisasa si picha moja. Ni fungu la picha, ziitwazo ramani, na kila moja ina kazi yake: ya rangi, ya mikunjo ya uso, ya ukwaruzo, ya uchuma na ya uwazi. Kwa uzio, mbili za mwisho ndizo zenye mtego. Ramani ya uchuma huwa na thamani ya 1 palipo na chuma au zinki tupu, na 0 palipo na rangi ya kupaka au kutu, maana kutu si chuma tena. Ukikuta tekscha ya geti lenye kutu ambayo ramani yake ya uchuma ni nyeupe mwanzo hadi mwisho, aliyeitengeneza hakuwa makini, hata kama anaiuza.

Ramani ya uwazi ndiyo inayotoboa matundu. Ipanue kwenye skrini kabla ya kuichagua. Kingo za waya ziwe safi, pasiwe na mabaki ya majani au anga iliyokuwa nyuma ya uzio ulipopigwa picha.

Maktaba za bure

Mbili zinatosha kuanzia. Poly Haven, ambayo mwanzilishi wake Greg Zaal anatoka Afrika Kusini, inatoa tekscha, modeli na picha za mwanga wa anga. ambientCG, iliyokuwa ikiitwa CC0 Textures, ina hazina kubwa ya vyuma, kutu, mabati na uzio. Zote zinatumia leseni ya CC0: unaweza kutumia kwenye kazi ya kulipwa, kubadilisha na kuuza kazi yako bila kumtaja mtu wala kuomba ruhusa. Hata Blender, programu ya kutengeneza picha za 3D, ni ya bure na chanzo chake kiko wazi tangu mwaka 2002, kwa hiyo mwanafunzi asiye na shilingi anaweza kufanya kazi nzima kihalali.

Gharama yake ni bando na uchaguzi finyu. Faili za PNG za ukubwa wa 4K ni nzito kuliko JPG, na kwa ramani ya rangi tofauti haionekani kwa macho. Pakua JPG ya 2K kwanza, ijaribu, kisha panda ukiona haja. Uchaguzi nao hauna dawa: ukitaka geti la karakana ya mtaani lenye maua ya nondo zilizokunjwa kwa mkono, hulipati huko.

Maktaba za kulipia

Poliigon, Textures.com na Fab ya Epic Games ni miongoni mwa zinazojulikana. Megascans, hazina kubwa ya vitu vilivyoskaniwa, ilinunuliwa na Epic mwaka 2019 na kwa miaka kadhaa ikawa bure kwa watumiaji wa Unreal, injini ya gemu ya Epic. Ilipohamia Fab, mlango wa bure kwa wote uliachwa wazi hadi mwisho wa 2024 tu. Kwa upande wa Adobe, kifurushi cha Substance 3D cha kutengeneza tekscha kilipozinduliwa mwaka 2021 kilikuwa dola 19.99 kwa mwezi, na kile kikubwa dola 49.99. Bei hizi hubadilika, kwa hiyo angalia ya leo kabla ya kupiga hesabu.

Faida ya kulipa ni muda: vitu vimepangwa, vipimo vinalingana, na uzio mmoja huja katika hali mbalimbali, mpya na uliochakaa. Hasara ni kwamba usajili hukata pesa hata mwezi usio na kazi, na juu yake kuna kodi na makato ya kubadilisha fedha. Kenya, kadi ya mtandaoni ya M-Pesa GlobalPay, iliyoanza 2022, imerahisisha malipo kwa asiye na kadi ya benki, lakini haipunguzi bei. Soma pia leseni: maktaba nyingi za kulipia hukuruhusu kutumia tekscha ndani ya kazi yako, ila si kuisambaza faili yenyewe.

Simu yako na uzio wa jirani

Kwa mandhari ya Dar es Salaam, Mombasa au Kampala, kupiga picha mwenyewe kwa simu kunazishinda njia nyingine zote kwa uhalisia. Mabati yetu yamefifia kwa jua letu, mageti yetu yamechomelewa na mafundi wetu, na mtazamaji anayeyajua huutambua uongo mara moja.

Piga picha siku ya mawingu ili kivuli kikali kisigande kwenye tekscha. Simama ukiuelekea uzio moja kwa moja, rudi nyuma kidogo na uvute kwa lenzi, maana ukikaribia sana mistari hupinda. Kama ni wavu, mwombe mtu ashike shuka la rangi moja nyuma yake. Kukata matundu kutakuwa rahisi. Weka rula pembeni ili ujue vipimo. Kata picha katikati ya tundu, kila upande mahali pale pale, kisha tumia zana ya kuhamisha picha kwenye GIMP, programu ya bure ya kuhariri picha, uone kama maungio yanaonekana. Omba ruhusa kwa mwenye nyumba, na usielekeze simu kwenye uzio wa kambi ya jeshi au jengo la ulinzi. Gharama ya pesa ni sifuri, lakini kazi ya kusafisha hula saa nyingi.

Tekscha au waya halisi?

Hapa ndipo umbali unapotoa hukumu. Chukua uzio wa wavu wa mita 30 kwa 2, wenye matundu ya sentimita 5 kila ubavu. Ukiujenga waya kwa waya utahitaji nyaya zaidi ya 800, kila mmoja ukiwa na vipande kama 56 vilivyopinda. Kila kipande kikiwa bomba la pande sita, unapata zaidi ya pembetatu nusu milioni. Kwa tekscha yenye uwazi, uzio huo huo ni bapa moja la pembetatu 2.

Lakini bapa nalo lina deni lake. Waya wa milimita 3 kwenye tundu la sentimita 5 hufunika takriban asilimia 12 tu ya eneo. Gemu inapotumia nakala ndogo ya tekscha kwa vitu vya mbali, huchanganya waya na tundu kupata wastani. Wastani huo ukiwa chini ya kiwango cha kukata, ambacho mara nyingi huwekwa nusu, kila kitu hukatwa na uzio hupotea. Dawa ni kushusha kiwango hicho, au kuwasha mpangilio wa kulinda ufunikaji, kama ule ulioko kwenye injini ya gemu ya Unity. Kwenye Cycles, injini ya kurenda ya Blender, shida ni nyingine: mwanga huruhusiwa kupenya nyuso zenye uwazi mara 8 tu usipobadilisha chochote. Ukipanga nyua nyingi moja nyuma ya nyingine, unaona madoa meusi. Ongeza idadi hiyo, ukijua kurenda kutachukua muda zaidi.

Kumbukumbu nayo ni gharama. Ramani moja ya 4K, kwa baiti 4 kila pikseli bila kubanwa, hula MB 64. Ramani nne ni MB 256, kwa uzio peke yake. Ramani hizo hizo kwa 1K ni MB 16 zote pamoja. Kwa kompyuta mpakato yenye kadi ya michoro ya GB 4, hiyo ndiyo tofauti kati ya kazi kuisha na programu kuzima.

Uamuzi

Uzio ukiwa mbali: tekscha ya bure ya 1K, bapa, basi. Ukiwa umbali wa kati: ya bure ya 2K, au ya kwako uliyopiga, pamoja na nguzo zilizojengwa kama maumbo halisi, kwa sababu jicho hushika nguzo kabla ya waya. Ukiwa karibu kiasi cha kuona kutu: jenga kipande kimoja cha mita 3 kwa waya halisi, kirudie kwa nakala zinazotumia data moja ili kumbukumbu isiongezeke, na kipake tekscha ya chuma ya CC0.

Kulipia kunafaa pale tu mteja ameshasaini, siku zimebana na unachohitaji kipo tayari dukani. Hapo lipia mwezi mmoja, pakua unachohitaji, sitisha usajili, na ingiza gharama hiyo kwenye ankara ya mteja. Na ukishatengeneza tekscha nzuri ya mabati au geti la mtaani kwako, itoe kwa leseni ya CC0. Maktaba za bure zina uhaba mkubwa wa mitaa yetu, na sisi ndio tunaoweza kuuziba.